Rangi Juu ya Kutu

Somo: Ezekieli 13, 10 hadi 16

Nabii Ezekieli alitumwa kwa watu waliofanana na wajengao ukuta dhaifu, kisha wakaupaka chokaa ili uonekane imara. Wakaambiwa ya kwamba mvua inakuja, na chokaa ile haitaufaa ukuta kitu. Neno hilo twaweza kulielewa vema tukimtazama mtu atengenezaye motakaa ya zamani nyumbani kwake, si kwa mshahara, bali kwa kuipenda tu.

Tuseme ni Volkswagen ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Ziliundwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchi ya Meksiko, mwaka 2003. Injini yake si taabu kubwa: ina silinda nne, hupozwa kwa hewa pasipo maji, na mtu mwenye subira huishusha akaifungua. Adui ni kutu. Chuma kikipata maji na hewa hugeuka, na kutu ile huvimba kupita chuma chenyewe, hata ikaiinua rangi kutoka chini. Tena haiwi ngozi ya kukilinda chuma, bali hupitisha maji kama sifongo, yaende kula zaidi. Chumvi huongeza mbio zake, iwe ya upepo wa bahari, au ile imwagwayo barabarani huko Ulaya ili kuyeyusha barafu.

Na mahali pa hatari hapaonekani. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali yake ikidondoka hutoboa sakafu. Chini ya milango mna mihimili miwili yenye uwazi ndani, ipitishayo hewa ya moto itokayo kwenye injini. Hiyo ndiyo izishikayo nguvu za bodi, nayo huoza kwa ndani huku nje yang'aa. Muuzaji mjanja huyajaza matundu dawa ya kuzibia, akapiga msasa, akapaka rangi, na mnunuzi akaenda zake akifurahi. Masika yakipita, malengelenge hutokea.

Aipendaye hafanyi hivyo. Huikwangua rangi, huligonga bati na kusikiliza mlio wake, kisha huukata uozo mpaka afikie chuma kizima, kwa maana kiraka hakishiki juu ya kutu. Lakini angalieni neno hili, hasa ninyi walimu: kabla ya kuukata ule mhimili wa chini ya mlango, huunga kwanza vyuma vya kushikilia katika nafasi ya mlango. Asipofanya hivyo bodi hujipinda, na mlango haufungi tena.

Majirani humcheka, kwa kuwa fedha na siku atumiazo mara nyingi hupita bei ambayo motakaa ile ingeuzwa. Yeye hahesabu hivyo. Wala Mungu hakuhesabu hivyo alipotutafuta sisi. (Mfano huu una mwisho wake, bila shaka: bati halina hatia ya kuoza kwake, nasi tunayo.)

Katika sharika zetu chokaa ni nyingi. Ndugu wawili wamegombania shamba la marehemu baba yao. Siku ya Chakula cha Bwana ikikaribia hupeana mikono mbele ya wazee, wimbo huimbwa, na mpaka uliosogezwa hukaa pale pale uliposogezwa. Aliyeonewa hupiga magoti kando yake aliyemdhulumu, naye huona aibu hata kunena, kwa kuwa watu wamekwisha kushangilia. Je, hiyo ndiyo toba? Twaogopa kukata, tusije tukawapoteza watu. Hofu hiyo si ya bure. Wako waliokatwa kwa ukali pasipo mtu wa kuwashika, wakajipinda, wasirudi tena. Kwa hiyo mwalimu na aende nyumbani kwa mkosaji kabla hajaitwa mbele ya wazee. Aketi naye, ale naye, ndipo aulize habari za mpaka. Bwana Yesu alitangulia kuwa mgeni nyumbani kwa Zakayo, ndipo Zakayo mwenyewe akataja hesabu ya kuwarudishia aliowanyang'anya: mara nne.