Gari Lililomaliza la Pili

Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari Rally. Ilimaliza ya pili mwaka 1972 mikononi mwa Sobiesław Zasada wa Poland. Ikawa ya pili tena 1974, ikiendeshwa na Björn Waldegård wa Uswidi. Mwaka 1978 ikawa ya pili kwa mara ya tatu, safari hiyo na Mkenya, Vic Preston Jr. Si kwamba Wajerumani hawakujua njia za huku. Volkswagen Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962, na Mercedes ikachukua miaka mitatu mfululizo, 1959 hadi 1961. Lakini waulize vijana wanaopenda magari ya zamani, wawe Nairobi au hapa kwetu Kangeta, ni gari gani la Kijerumani la Safari wangetaka kuliona kwa macho kabla hawajafa. Hakuna atakayekutajia Mercedes 219.

Kwa nini tunapenda gari lililoshindwa? Na mtu ambaye hatawahi kulimiliki, wala pengine kuligusa, ana haki gani ya kulipenda? Ama ni upuzi tu wa watu wenye bando na muda mwingi?

Mzee mmoja wa huku alitusikia steji tukibishana kuhusu Carrera RS ya 1973, akauliza kitu kimoja: "Na hilo gari limewahi kubeba nini, vijana wangu?" Tulicheka. Lakini swali lake si la mchezo. Kangeta, gari huheshimiwa kwa mzigo wake. Hilux ya miraa inatoka Igembe na vifurushi vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 250 mpaka Nairobi, kwa sababu miraa ikikaa siku mbili tatu imenyauka na mnunuzi hana haja nayo. Dereva anayefika mapema ni nyota. Wengine hawafiki, na tunawazika. Kwa kipimo cha mzee, gari la kuenziwa ni Peugeot 504 ya abiria: ilipeleka wagonjwa hospitali, ikaleta bibi harusi, ikarudisha maiti nyumbani. 911 ilikuja, ikatimua vumbi, ikaondoka.

Ni kipimo kizuri. Kinatukumbusha kwamba kuna watu nyuma ya kila usukani. Ila kikiachwa peke yake kinatubana. Kama kitu hakina thamani mpaka kitubebee mzigo, basi wimbo hauna thamani, na mtoto mchanga hana thamani.

Kipimo cha pili ni cha soko, na soko linapenda uchache. Porsche walihitaji kutengeneza Carrera RS 2.7 mia tano tu ili ikubaliwe mashindanoni; wateja wakazigombania, wakaishia kutengeneza 1,580. Leo moja iliyotunzwa vizuri inauzwa kwa pesa za kununua Hilux mpya kumi, na wengi wanaozinunua wanazifungia. Wanaogopa hata kuziendesha, kwa sababu kila kilomita inapunguza bei.

Mimi uchache hunishawishi kidogo sana. Dunia imejaa vitu vichache ambavyo hakuna anayevitaka. Jino la mwisho la babu yangu lilikuwa moja tu duniani, na hakuna mnada ambao ungelichukua. Watu hawalipii uchache wa Porsche. Wanalipia kwamba watu wengine wanaitaka. Ukifuata sababu hiyo mpaka mwisho unakuta duara: kinapendwa kwa sababu ni ghali, ni ghali kwa sababu kinapendwa.

Na kuhusu bei, hakuna mtu wa kutufundisha sisi wa Igembe. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014. Machi 2020 Somalia ikafunga soko lake, likafunguka tena Julai 2022. Kila mara watu walilala na shamba la pesa wakaamka na shamba la majani. Mti haukuwa umebadilika. Udongo ni uleule, mikono inayochuma ni ileile. Aliyebadilika ni mtu wa mbali mwenye kalamu. Ukishaona hivyo mara tatu, huwezi tena kuamini kwamba bei na thamani ni kitu kimoja.

Angalia miti ya mbaine, ile mikongwe iliyopandwa na vizazi vilivyopita zamani. Soko likianguka, watu hawakimbilii kuikata. Mwenye shamba anaipogoa, anaiangalia, anaipokeza mwanawe. Uchache si sababu yake, na mzigo wa mwaka huu pia si sababu yake. Anaheshimu kazi ndefu iliyo ndani ya shina: mikono mingi, mmoja baada ya mwingine, iliyokataa kuachilia.

Hapo ndipo 911 inaponiingia. Ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 iliitwa 901. Peugeot walilalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao, Porsche wakabadilisha namba. (Miaka 15 baadaye, mwaka 1978, gari lililowashinda kwenye Safari lilikuwa Peugeot 504. Namba ile ina sifuri katikati, na kila nikikumbuka nacheka peke yangu.) Injini yake imekaa nyuma kabisa, kupita ekseli, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hangeiweka. Uzito huo unafanya mkia utake kupita kichwa kwenye kona. Wangeweza kuanza upya. Badala yake, mainjinia wameshughulika na kosa hilohilo kwa zaidi ya miaka 60, wakirekebisha hiki na kile, mpaka udhaifu ukageuka tabia: injini iliyo juu ya magurudumu ya nyuma inayakandamiza chini, na kwenye matope au changarawe gari linashika.

Mtu akilijua hilo, akiona 911 inaingia kona ya vumbi hata kwa video ya simu, anaona ubishi mrefu wa watu na kitu kigumu. Waldegård naye alikuwa mbishi. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi Kenya kwenye Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, akashinda. Gari lilikuwa 911. Ilikuwa miaka 37 baada ya ile nafasi ya pili.

Najua pingamizi. Utaniambia hii ni faraja ya maskini: huna gari, basi jisifie kwamba unalielewa. Na ni kweli kuna watu wanaofaidika tukiridhika na kutazama. Kijana aliyeacha shule ili achume miraa anahitaji kipato kabla ya hadithi ya injini ya Kijerumani. Sipingi. Ninachokataa ni wazo kwamba mpaka apate hicho kipato, hana ruhusa ya kushangaa. Kuna tajiri aliyefungia RS kwenye garaji na hajui inalia vipi ikiwa moto. Huyo ana hati. Kulipenda gari ni kazi nyingine, inadai muda na makini, na hiyo kazi haiulizi una kiasi gani kwa M-Pesa.

Lakini kazi hiyo ina mtihani wake, na swali la mzee linarudi kwa mlango mwingine. Kama ninachopenda kweli ni ubishi wa mikono na chuma, basi sina budi kuuona popote ulipo. Kuna makanika hapa, nguo zake zina rangi ya oili, ambaye anaiweka barabarani Hilux iliyokwishazeeka, na spea hazipatikani. Ameichomelea fremu, amechonga bushi mwenyewe, na Jumatatu inabeba. Hakuna atakayetengeneza filamu juu yake. Nikipita hapo bila kugeuza kichwa, halafu jioni nikae na simu nikisifia welda za Stuttgart, basi sijawahi kupenda gari hata siku moja. Nilikuwa nasujudia bei tu, kama yule wa mnada, ila mimi sina pesa.

Kwa hiyo siku hizi nikimaliza video huwa nashuka mpaka kwake. Naketi juu ya tairi, namuuliza amefanyaje.