Kila Wimbo Una Mwenyewe

Wajukuu zangu wa Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Kagera, Mikumi hadi Makuti, mnapokuja kukaa nami barazani jioni hunisogezea simu zenu: "Babu, hebu ona hii." Nami huona, na mengi hunifurahisha. Sikuandika haya kuwakataza. Mtu aliyeshinda juani Kariakoo akitandaza nguo Mtaa wa Kongo, au akisukuma mkokoteni, ana haki ya kurudi nyumbani akasikiliza muziki wake na kucheka. Nasaha yangu ni moja: kila mnachokisikiliza, mnachokicheka na mnachokirusha kina mwenyewe. Mjueni, mtajeni jina, mlinde na heshima yake.

Sisi tulikulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtangazaji alitutajia bendi, na mara nyingi mtunzi na mwimbaji pia. Ndiyo maana mzee wa rika langu, hata ukimwamsha usiku wa manane, atakwambia solo la gitaa la wimbo fulani kalipiga nani. Mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, watu walijua wamempoteza nani, ingawa wengi walikuwa hawajapata kumwona kwa macho.

Siku hizi wimbo unawafikia vipande vipande. Kiitikio, mtu anacheza, basi. Nikimuuliza kijana huyu kaimba nani, ananijibu, "Huu uko TikTok, babu." TikTok haina koo, mjukuu wangu. Kuna mtu aliyekesha akiutunga, na mwingine aliyekesha akiupigia gitaa. Tena nyimbo za dansi za zamani husimulia kisa kwanza, taratibu, ndipo magitaa yanapopanda na kuingia kwenye chemko. Aliyekatiwa chemko peke yake hupata kucheza, lakini kisa kimempita. Sikilizeni wimbo mpaka mwisho, walau mara moja.

Jina likipotea, haki nayo hupotea. Mzee Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyozaliwa 1964, ambayo leo inaitwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alihamia Mlimani Park, wana Sikinde. Sauti yake imepigwa kwenye harusi na baa za mji huu miaka nenda miaka rudi. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, alisema hadharani kwamba muziki haujampa hata baiskeli. Nyimbo zilirekodiwa redioni, zikapigwa nchi nzima, wenye vibanda wakazihamishia kwenye kanda wakaziuza mitaani. Kila mkono uliopokea kanda ulipata chochote, ila koo lililoimba.

Aliyemkumbuka ni mwanamuziki Diamond, kijana wa Tandale, hapo jirani zetu. Mwaka huohuo alimkabidhi mzee gari mbele ya watu. Aprili 2014 Gurumo akafariki. Gari lenyewe lilikuwa halijamaliza hata mwaka mikononi mwake. Diamond alifanya uungwana, na uungwana wake nausifu. Lakini deni lilikuwa la sisi sote tuliocheza nyimbo zile, na halikupaswa kusubiri mtu mmoja mwenye moyo.

Msidhani haya ni ya wazee tu. Singeli yenu imezaliwa hapahapa, Manzese, Tandale na Mburahati. Fundi huchukua kipande cha taarabu, akakikimbiza kwenye kompyuta, mwenzake akakishikia kipaza sauti. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, zikasikika mpaka Ulaya. Ni fahari yetu. Basi mnaoipenda singeli, fuateni nyuma njia iliyopitia. Mtawakuta vijana wa mnanda na kinanda chao kidogo cha Casio, ambao mji uliwaita wahuni. Mkikisikia kile kipande cha taarabu ndani ya singeli, ulizeni sauti ni ya nani. Endeleeni kurudi nyuma mpaka mfike kwa Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Mtu anayeijua njia hiyo hawezi kudanganywa kwamba muziki wetu umeanza juzi.

Sasa nije kwenye vichekesho, maana hapo ndipo pananiuma zaidi.

Msimu wa mvua, Jangwani ilipofurika, ilizunguka klipu moja hapa kijiweni kwetu. Mama anavuka maji yakiwa magotini, ndoo ya samaki kichwani. Anateleza. Ndoo inapinduka, samaki wanaelea, mtandio unamtoka, naye anahangaika huku na huku kuwaokota. Anayerekodi anacheka, mkono hampi. Juu ya klipu mtu kaweka muziki. Vijana wakaicheka, wakairudia. Mmoja aliyekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa akasema taratibu, "Yule ni ma'mdogo wangu." Simu zikarudi mifukoni, na hakuna aliyejua la kusema.

Wale samaki walikuwa mtaji wake. Siku ile alirudi nyumbani bila biashara, bila mtaji, na mji mzima ukimcheka. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila anayeanguka kwenye klipu ni ma'mdogo wa mtu.

Kuchekesha ni kazi, na ina mafundi wake. Mzee Small na King Majuto walituvunja mbavu miaka mingi. Mmoja tulimzika 2014, mwingine 2018. Walijifanya wabahili, wajinga na waongo ili tujione wenyewe ndani yao. Walijianika kwa hiari, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoichagua. Mama wa Jangwani hakuombwa. Angalieni pia Kili Paul, kijana wa Kimasai wa kule Lugoba, na dada yake Neema. Walifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi wakiwa kijijini kwao, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja kwa majina kwenye hotuba yake ya redio. Wimbo ulijulikana ni wa nani, na hakuna aliyedhalilishwa ili wao wapate kutazamwa.

Zipo sheria. Ya hakimiliki ipo tangu 1999, ya makosa ya mtandao tangu 2015, na ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022. Zijueni, maana kusema "nimetumiwa tu" si kinga ya kutegemea. Lakini adabu tuliyofunzwa mitaani humu ilitangulia sheria zote: ukimkuta mtu kaanguka, unamwinua kwanza.

Basi, wajukuu zangu, mkiweka wimbo kwenye status, andikeni na jina la aliyeuimba. Bendi ikipiga, lipeni kiingilio mwingie, msisikilizie ukutani. Msanii wa mtaani kwenu akitoa kazi, isikilizeni kwake mwenyewe, ili kidogo kinachopatikana kimfikie. Chanda chema huvikwa pete, na pete yenyewe huvikwa kingali hai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na ikija klipu ya mtu aliyefikwa na aibu au msiba, hata ikiwa inachekesha namna gani, isiondoke kwenye simu yako kwenda kwa mwingine. Ifute.