Divai Isiyonywewa

Kitabu husomwa kikabaki kitabu, na kidani huvaliwa kikabaki kidani. Divai haimo katika jamaa hiyo. Wema wake hudhihirishwa na tendo moja tu, nalo ni kuinywa. Na tendo hilo hilo huimaliza. Basi mtu anunuaye divai kuukuu mnadani, akaifungia ghalani miaka ishirini, kisha akairudisha mnadani, afanya biashara ya ajabu, nayo yastahili kuhojiwa mbele ya dhamiri. (Sineni juu ya uhalali wa kileo chenyewe, jambo hilo lina wanazuoni wake.)

Tuitazame Italia. Barolo, divai nyekundu ya zabibu za Nebbiolo katika jimbo la Piemonte, haina ruhusa ya kuuzwa mpaka itimize miezi 38, na 18 katika hiyo iwe ndani ya mapipa ya mbao. Brunello ya Montalcino, katika Toscana, hungoja hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Ujanani divai hizi zina ukakasi unaoshika ulimi kama ndizi mbichi, na ukakasi huo hutulia polepole mno. Kungoja huku si ubahili, ni sehemu ya kazi. Lakini mkulima hungoja divai yake iive. Mkusanyaji, ikisha kuiva, hungoja chupa za wenzake ziishe.

Maana mavuno ya mwaka mmoja hayaongezeki. Kila inywewapo chupa, zilizosalia huwa adimu zaidi. Na sifa yake yatoka kwa nani, ila kwa wale walioinywa? Mnywaji hutoa ushahidi kwa gharama yake. Mwekaji hupokea malipo ya ushahidi huo. Mnadani hapana aonjaye. Mnunuzi hutazama karatasi ya chupa, kizibo, kina cha divai shingoni, na habari za ghala ilimolala. Yaliyobaki ni kuamini.

Mwezi wa Desemba 2012 mtu aliingia kwa siri katika ghala la Gianfranco Soldera huko Montalcino, akafungua mapipa, na divai ya mavuno sita, ya 2007 hata 2012, lita zaidi ya 60,000, ikamwagika. Wakulima wenzake walijitolea kumchangia divai yao; yeye alikataa, akiona kuwa mnunuzi angedanganywa. Usiku ule ule, chupa zake zilizokwisha kuwekwa na wakusanyaji ziliongezeka uadimu bila wenyewe kunyanyua kidole. Kufa kufaana, wasema wahenga, wala sijui sheria imkatazayo mtu kufaidiwa na hasara asiyoisababisha. Walakini Soldera alikataa hata msaada, ili jina lake lisiuze kitu kisicho chake. Na mwenye chupa iliyopanda bei kwa msiba huo hupokea fedha ambayo hakuitolea kazi, wala subira, wala hata ladha ya ulimi.

Simwiti mtu huyo mwizi. Akifungua chupa moja katika sanduku la kumi na mbili, akanywa na rafiki zake, amelipa sehemu ya deni lake kwa wanywaji, na zile kumi na moja aziuza kama shahidi. Asiyefungua hata moja auza uvumi. Ningependa dalali, kabla ya kugonga nyundo, amwulize kila muuzaji: ya kwanza uliinywa na nani?