Biashara Iliyokwama na Dhamiri Yetu



Yako maneno mawili ambayo sisi wenye biashara ndogo twayasema kila siku: "Mungu atajalia," na "Biashara ni ngumu." La kwanza ni sala njema, na la pili ni kweli. Lakini tukiyasema ili tusilifungue daftari, yote mawili huwa pazia la kufichia macho yetu. Leo twapenda kuuliza: je, mwenye duka aliyekwama, akikaa chini na kupanga, amepungukiwa na imani? Na tena, akimnyima jirani mkopo, amepungukiwa na upendo?

Hatuandiki kama wajuzi. Tulifundisha hesabu kwa miaka mingi, na tulipostaafu tukafungua duka dogo hapa Muheza kwa fedha za kiinua mgongo. Mwaka wa kwanza duka lilijaa. Mwaka wa pili rafu zikaanza kuonyesha mbao. Hatukuibiwa, wala hatukuwa walevi. Wateja walikuja tangu alfajiri, lakini jioni hapakuwa na fedha ya kununulia mzigo mwingine. Tulisali sana. Jambo moja hatukulifanya: hatukuhesabu. Mwalimu wa hesabu aliona haya kuuhesabu umaskini wake.

Tutoe mfano. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umenunuliwa kwa shilingi 130,000, nasi twauza kilo moja kwa shilingi 2,800. Ukiisha wote twapata 140,000, yaani faida ya 10,000. Nauli ya kuuleta ni 3,000; zimebaki 7,000. Nyumbani tumechota kilo 2 za chai, ambazo zingeuzwa kwa 5,600, zimebaki 1,400. Jirani mmoja amekopa kilo 1 na hakulipa. Hapo tumepata hasara ya shilingi 1,400, na mfuko umekwisha! Hakuna aliyetenda ubaya. Watoto wamekunywa chai, jirani amesaidiwa, na duka limekufa kidogo. Hivyo ndivyo biashara nyingi zinavyokwama, kijiko kwa kijiko.

Wako watakaosema kwamba Bwana wetu alitukataza kuisumbukia kesho. Ni kweli. Lakini kusumbuka ni kulala macho wazi ukiliogopa deni usilolijua kiasi chake. Kupanga ni kuwasha taa na kulitazama. Bwana huyohuyo, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Naye Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba katika miaka ya shibe. Sisi wa huku tuna majira ya machungwa, fedha ikizunguka kila mahali, kisha miezi mikavu hufuata. Ni nani kati yetu aliyeweka sehemu ya tano?

Mtakatifu Yakobo naye huwaonya wafanyabiashara wanaojisifu kwa mipango ya mwaka kana kwamba kesho ni mali yao. Hakuwakataza kupanga, aliwakataza kiburi. Basi mpango wa Mkristo huandikwa kwa kalamu, na mwisho wake huachiwa Mungu.

Sasa twaja kwenye swali gumu, la kukopesha. Katika duka letu bidhaa nyingi zilikuwa za mali kauli: mwenye duka la jumla alitupa kwa neno letu tu, tumlipe tukishauza. Sisi nasi tukawakopesha majirani, tukasifiwa kuwa watu wakarimu. Siku ya kulipa ilipofika hatukuwa na kitu. Tukaanza kupita njia ya nyuma ya soko ili tusionane naye. Ndipo dhamiri ikatuuliza: ule ukarimu ulikuwa wa nani? Sifa tulizipokea sisi, na gharama aliilipa mtu mwingine bila kuulizwa. Kutoa kilicho chako ni sadaka. Kutoa cha mwenzio, kisha kumkimbia, hakuwezi kuitwa upendo, hata kama aliyepokea ni mjane.

Je, tumwache mjane alale na njaa? La hasha. Tulifanya hivi, na twawashauri wenzetu wajaribu. Kwanza, tuliandika katika karatasi moja vitu vyote tulivyokuwa navyo, na madeni yote, tunayodai na tunayodaiwa. Tuliona aibu kubwa, lakini usiku ule tulilala. Pili, tulimwendea yule mwenye duka la jumla wenyewe, tukamwambia kweli, tukapatana naye kulipa kidogo kidogo kila Jumamosi. Hakutukaripia, alisema wengi humkimbia. Tatu, tuliweka makopo mawili, la duka na la nyumbani. Mwenye duka hulipwa ujira wake kila juma, na akitaka sukari hununua kama mteja. Nne, kila mwisho wa mwezi tulihesabu mali iliyomo, na vitu vilivyolala rafuni miezi mitatu tukaviuza kwa bei ya kununulia, tusivilete tena. Tano, kutoka kopo la nyumbani tulitenga fedha ya msaada. Mwenye shida halisi hupewa bure kutoka hapo, wala haandikwi kwenye daftari. Ikiisha, twasema imeisha, na twalia pamoja naye.

Anayetaka mafunzo zaidi asisahau kwamba SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hufundisha wenye shughuli ndogo. Lakini hata fundi bora hawezi kumsaidia mtu anayeficha daftari lake.

Hatukutajirika. Duka letu lingali dogo, na mwaka huu tumeacha kuuza vitambaa kwa kuwa havikutulipa. Wako majirani wawili waliotununia walipokosa mkopo. Mmoja amerudi, mmoja bado, na jambo hilo latuuma. Mpango hauondoi kila maumivu. Lakini sasa twapita mbele ya duka la yule mwenye mali, twamsalimu, naye aitikia.

Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema. Haba na haba hukimaliza pia, asiyepima asijue. Basi ndugu, Jumatatu kabla ya kufungua mlango wa duka, fungueni daftari. Tuombeane.