Je, Bahati Ina Kipimo?

Zamani unga ulipimwa kwa kibaba, nguo kwa dhiraa, na safari kwa maili. Bahati je, msomaji, hupimwa kwa nini? Mtu akifaulu, rafiki zake husema ni ustadi wake, na mahasidi wake husema ni bahati yake. Wote hunena bila ya mizani. Natutazame jambo hili kwa utulivu, na mfano wetu uwe kriketi, maana ni michezo michache iliyowekewa hesabu nyingi kama huo.

Katika kriketi, mrushaji huutupa mpira kuelekea vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda kwa gongo lake. Mpira ukivipiga vijiti, au ukipigwa ukadakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji hutoka, na mrushaji huandikiwa wiketi moja. Lakini mpira bora huenda ukapita kando ya vijiti kwa upana wa unywele, usilete faida yoyote. Na mpira hafifu huenda ukapigwa ovyo, ukadakwa. Hapo ndipo bahati huingia mchezoni.

Mwezi wa Julai 1956, katika uwanja wa Old Trafford mjini Manchester, timu ya Uingereza ilicheza na timu ya Australia. Jim Laker alirusha mipira 408, akapata wiketi 19 kati ya 20 kwa kutoa mikimbio 90 tu. Hakuna aliyemfikia mpaka leo katika mechi kuu za mataifa. Mwenzake Tony Lock alirusha mipira 414 katika uwanja uleule, mbele ya wapigaji walewale, akapata wiketi 1. Je, Laker alimshinda Lock kwa ustadi mara 19? Hesabu ya maisha yao inakataa. Katika mechi zao zote za namna hiyo, kila wiketi ilimgharimu Laker mikimbio 21 hivi, na Lock mikimbio 26 hivi. Tofauti ipo, lakini si ya mbingu na ardhi.

Basi ilikuwa bahati tupu? Tupime. Tuseme kila wiketi ya mechi ile iliamuliwa kati ya hao wawili kwa kurusha sarafu. Nafasi ya Laker kupata 19 au zaidi ingekuwa kama 1 katika 50,000. Sarafu peke yake haiwezi kuubeba mzigo huo. Bila shaka namna yake ya kuuzungusha mpira iliafikiana na ardhi ya uwanja ule. Hata hivyo, kumbuka kwamba mechi hiyo tumeichagua kwa ajabu yake, miongoni mwa mechi zaidi ya 2,000 zilizochezwa tangu 1877. Aliyeokota kokoto kubwa kuliko zote ufukweni asidhani kwamba ufuko mzima una kokoto za kadiri hiyo.

Kwa hiyo tuuache muujiza, tumtazame mrushaji wa kawaida. Tuseme ustadi wake haubadiliki, na kila mpira wake una nafasi 1 katika 60 ya kuleta wiketi. Akirusha mipira 180, tutamtarajia apate wiketi 3. Lakini hesabu yaonyesha kwamba katika siku 100 za namna hiyo, kama siku 5 ataondoka mikono mitupu, na kama siku 18 atapata wiketi 5 au zaidi. Mkono ni uleule, bidii ni ileile. Watazamaji watamwita mzembe leo na shujaa kesho. Tofauti ya siku hizo ndiyo bahati, na sasa umeiona ikipimwa.

Kipimo hicho kina sheria yake. Mipira ikiongezeka mara 100, hisa ya bahati katika hesabu hupungua mara 10. Katika siku moja bahati ni sultani. Katika miaka mingi huwa mtumishi. Tena, baadhi ya mambo tunayoyaita bahati ni mambo tusiyoyajua tu. Siku hizi kamera huufuata mpira tangu mkononi mpaka kwenye vijiti, na mengi ambayo zamani yalisingiziwa bahati yamepata majina yake. Lakini kipimo chenyewe kina mpaka: chaweza kukuambia kwamba siku 5 katika 100 zitakuwa tupu, ila hakiwezi kuinyoshea kidole siku moja na kusema, “Hii ndiyo.” Bahati hupimika katika wingi, nayo hujificha katika umoja.

Hapa, msomaji, hesabu yageuka kuwa maadili. Yule anayemfukuza mchezaji kwa siku moja mbaya, au kumdharau mwanafunzi kwa mtihani mmoja, anahukumu bila ushahidi wa kutosha. Na yule anayejivuna kwa ushindi mmoja anajisifu kwa mali ambayo huenda si yake. Haki inatutaka tumpe kila mtu mipira mingi kabla ya kumpa jina.

Huenda ukauliza: kama bahati ina nguvu hivyo, kuna faida gani ya kujitahidi? Rudi kwa mrushaji wetu. Akifanya mazoezi mpaka nafasi yake iwe 1 katika 50, siku zake tupu zitapungua kutoka 5 katika 100 hadi chini ya 3. Bahati haikuondoka, bali mlango wake umekuwa mwembamba. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kalamu na karatasi, wakasema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hawakumwahidi mvuvi samaki wa leo. Walimwahidi tu kwamba anayekwenda pwani kila siku hatakosa kitoweo daima.