Mkono Uliopeleka Noti

Likizo iliyopita mimi na kaka yangu tulibishana kwa siku tatu: nani mtunzi bora, Shakila au Wagosi wa Kaya? Tulianza uani kwetu, Ngamiani, Mama akikuna nazi, na tukaendelea hadi Mama akatuambia kwamba tukishindwa kupatana tukabishanie barabarani, yeye kichwa kinamuuma.

Kaka alikuwa upande wa Wagosi. Mkoloni na Dr. John walivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hata jina lao ni la kwetu, maana mgosi ni mwanamume kwa watu wa milimani na Muheza. Katika "Tanga Kunani" waliuliza mji huu umepatwa na nini. Katika "Wauguzi" walisema hadharani yale ambayo watu walikuwa wakinong'onezana kuhusu namna mgonjwa anavyopokewa hospitalini. Kaka hadai kwamba mashairi yao ni matamu kuliko ya taarabu. Hoja yake ni nyingine, na inaniudhi kwa sababu ni nzuri.

"Wimbo wao una anwani," alisema. "Unajua nani kasema, kasema nini, kamwambia nani. Muuguzi akiona kaonewa, anajua mlango wa kubisha. Wewe na Shakila wako, nani kamwambia nani?"

Nikamjibu kwamba huo ndio ufundi wenyewe. Shakila Saidi alizaliwa Pangani mwaka 1947 na akajulikana hapa Tanga na Black Star Musical Club, enzi ambazo Black Star na Lucky Star walileta gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, mtindo ukavuka mpaka hadi Mombasa. Mwaka 1989 nyimbo za vikundi hivyo viwili zilitolewa Uingereza katika albamu iliyoitwa Nyota. Shakila alifariki mwaka 2016, na bado "Macho Yanacheka" inapigwa kwenye sherehe za watu ambao hawakuwa wamezaliwa aliposifika. Kwa nini? Kwa sababu yule "mimi" wa wimbo ule ni nyumba isiyo na komeo. Yeyote mwenye uso wa furaha na moyo wa namna nyingine anaingia, anakaa, anajiona kwake. Huwezi kuingia katika "mimi" wa Mkoloni. Ukijaribu, unakuwa unamwigiza Mkoloni tu.

Kipimo changu basi kilikuwa hiki: mtunzi bora ni yule ambaye maneno yake yanaweza kusemwa na mtu asiyemjua, kuhusu jambo ambalo yeye hakulijua. Nilijivunia kipimo hicho. Nilikuwa nimekiandika hata katika insha ya semina, nikamtaja na Roland Barthes na kile kifo cha mwandishi alichokitangaza mwaka 1967, nikadai kwamba wanawake wa Tanga walijua habari hiyo bila kumsoma. Mwalimu aliandika pembeni: "Vizuri, lakini nani anabaki kujibu?" Sikumwelewa. Nilidhani anataka mifano zaidi.

Kwa msomaji asiyewahi kukaa kwenye taarabu ya harusi pwani hii, lazima nieleze kutunza. Wimbo ukifika mahali pake, mwanamke anainuka na noti mkononi. Hatembei kama anayekwenda dukani. Anakwenda kwa mwendo wa muziki, noti ikiwa juu, na njia anayopita ndiyo habari. Akizunguka kwa kiti cha fulani, akasita kidogo, akageuza shingo, ukumbi mzima umeshasoma. Kisha anampa mwimbaji noti, anarudi kukaa, anafunga kanga vizuri. Hakusema neno. Maneno ni ya wimbo, sauti ni ya mwimbaji, na mara nyingi shairi lenyewe limetungwa na mtu wa tatu ambaye labda yuko nyumbani amelala. Lakini kwa dakika zile wimbo ni wa mwenye noti. Kiswahili chenyewe kinatuchezea hapa: kutunga kunatupa mtunzi, na kutunza nako, kwa kanuni zilezile, kungeweza kutupa mtunzi. Sijui kama ni bahati tu ya sauti. Lakini kila nikikaa kwenye harusi naona watunzi wa aina mbili.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa harusi ya mtaani, wanawake tupu, na jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye nilimwita Mama Mkubwa, alikaa safu ya pili. Yeye ndiye aliyekuwa akishika fedha za upatu wa mtaa. Mwezi ule zamu ilikuwa ya Mama, na fedha hazikutimia. Mama Mkubwa alisema subirini. Watu wakaanza kuhesabu: amenunua lini kile kitanda, mwanawe kalipiwa ada na nani. Mama hakumuuliza. Kwetu mtu humwulizi jirani yako swali kama hilo ana kwa ana, ni kumvunjia heshima.

Wimbo wa Shakila ulipoanza, Mama alinikunjia noti ya shilingi 1,000 kiganjani. Aliniambia, "Pita pale kwa Mama Mkubwa, usimame kidogo, umchekee, kisha ukatunze." Nilikuwa na gauni jeupe lenye mikunjo mitatu. Nilifurahi sana kutumwa. Nikainua noti juu kama nilivyowaona watu wazima, nikaenda, nikasimama mbele yake, nikamchekea. Yeye naye akanichekea. Nyuma yangu nikasikia vigelegele, nikadhani ni vyangu.

Miezi miwili baadaye ikajulikana kwamba kuna wanachama wawili walioshindwa kutoa, na Mama Mkubwa alikuwa akiwafichia aibu huku akitafuta fedha za kujazia. Alimlipa Mama hadi shilingi ya mwisho. Kisha akaacha kushika upatu, akaacha kuja kwetu. Sahani za futari zilizokuwa zikivuka ukuta kila Ramadhani zikakoma.

Na hapa ndipo lile swali la mwalimu liliponirudia, mwaka mzima baada ya semina, nikiwa uani nabishana na kaka yangu. Mama hakuweza kuomba radhi. Si kwa kiburi. Angeomba radhi ya nini? Alitunza wimbo. Wimbo mzuri, wanawake wengine kumi walitunza usiku ule. Tuhuma ambayo haikutamkwa haina namna ya kufutwa. Kama Mama angesimama mlangoni akasema, "Umekula fedha zangu," lingekuwa kosa kubwa zaidi siku ile, na miezi miwili baadaye angekuwa na kitu cha kurudisha.

Nilimweleza kaka hayo nikitegemea atanicheka kwa kushinda. Hakucheka. Alisema, "Lakini hilo si kosa la Shakila." Ni kweli. Na si kosa la taarabu yote pia, maana ukirudi nyuma unamkuta Siti binti Saad, yule ambaye Shaaban Robert, mtu wa hapa hapa Tanga, alimwandikia wasifu. Wimbo wake wa "Kijiti" ulimtaja muuaji kwa jina, ukasimulia jinsi alivyovuka bahari akaponyoka huku wanawake waliotoa ushahidi wakiadhibiwa. Huo una anwani kuliko hata wa Wagosi. Kwa hiyo mgawanyo wangu wa taarabu huku na rapu kule ulikuwa wa kivivu. Kuna nyimbo zinazojibu kwa jina lake mtunzi, na kuna nyimbo zinazoazimwa. Bado naamini kwamba ule wa kuazimwa ni mgumu zaidi kuutunga. Kumfanya mtu usiyemjua aone maneno yako ni yake ni kazi ambayo wachache wanaiweza, na Shakila aliiweza. Lakini nimeacha kusema kwamba ugumu huo unamfanya aliyeuazima asiwe na la kujibu. Barthes alimuua mwandishi akampa msomaji ufalme. Hakutaja kwamba mfalme huyo ana majirani.

Siku ya tatu ya ubishi nilivuka upande wa pili wa ukuta. Mama Mkubwa amezeeka, anauza ubuyu kwenye ndoo ndogo mlangoni.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi lini kutoka chuo?"

Tulizungumza habari za chuo, za mvua, za mwanawe aliyeko Mombasa. Kisha nikamwuliza kama anaikumbuka harusi ile. Sikumtaja Mama. Nilisema tu kwamba ulipigwa wimbo wa Shakila, na kwamba siku hizi nasoma habari za nyimbo hizo.

"Wimbo siukumbuki," alisema. "Nyimbo zilikuwa nyingi." Akakung'uta unga wa ubuyu vidoleni. "Nakukumbuka wewe. Na kale kagauni keupe."

Nilimwambia niliyopaswa kusema, vibaya, nikirudia rudia, kwamba nilikuwa mtoto na kwamba nisamehewe. Aliniacha nimalize. Akafunga ubuyu wa shilingi 500 katika karatasi, akakataa fedha yangu, akasema nimpelekee mama yangu.

Mama aliupokea akauweka juu ya meza. Hakuuliza umetoka wapi, ingawa mtaani kwetu anayeufunga kwenye karatasi namna ile ni mmoja tu. Jioni nilikuta karatasi imefunguliwa, na zimebaki mbegu.