Mlio, Kimya na Amana: Tafakuri juu ya Gari Kuukuu

Njia inayoiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Kwa Sadala na kupanda kuelekea Masama, wilayani Hai, huanzia kwenye tambarare yenye joto na vumbi, kisha ikaingia taratibu katika migomba na mibuni ya vihamba, hewa ikageuka kuwa ya baridi. Kwa mwenda kwa miguu, huo ni mwendo wa kuburudisha. Kwa gari kuukuu ni mtihani. Mashimo ya vijia vya vihambani hulitikisa, kona huupinda mwili wake. Jua la mchana huitanua plastiki ya dashibodi, na baridi ya usiku wa mlimani huifanya inywee. Gari hilo likiwa la spoti, lile la milango miwili lililolala karibu na ardhi, springi zake ngumu hazimsitiri dereva na lolote. Likishafika umri wa miaka thelathini huanza kusema: mlango unalia, kiti kinaguna, na chini ya miguu kuna kitu kinachogonga.

Mwenye gari hutaka kimya, na hamu hiyo haina aibu. Sikio lina haki yake ya kupumzika. Lakini je, anayo haki ya kunyamazisha kila kinacholia? Aghalabu jambo hili huachiwa mafundi, kana kwamba ni la spana na grisi tu. Hata hivyo mlio ni namna ya usemi, na kuuziba usemi, hata uwe wa bati, ni tendo lenye hukumu yake. Ili hukumu hiyo ijulikane, kwanza hapana budi kujua mlio unasema nini.

Ipo milio isiyosema lolote ila kwamba vitu viwili vinagusana. Plastiki husuguana na plastiki, ngozi ya kiti hukwaruzana na kiti mwenziwe, mpira wa mlango uliokauka hulia kila mwili wa gari unapojipinda. Kipande chembamba cha kitambaa cha sufu kikitiwa baina ya plastiki mbili, mpira ukipakwa grisi ya silikoni, skrubu iliyolegea ikikazwa, kelele huisha na hapana kilichopotea. Bati la kukinga joto la ekzosi nalo laweza kupiga kelele ya kutisha kuliko ugonjwa wake: bolti moja tu imekatika kwa kutu. Anayeitengeneza milio ya aina hii hamdhulumu mtu.

Ipo milio mingine iliyo mashahidi. Mgongo wa chini chini kila tairi linapoingia shimoni waweza kuwa ni bushi iliyokufa, au bolijointi inayokaribia kuachia. Na bolijointi ikiachia, gurudumu hukunjika na usukani hubaki mkononi bila ya kazi. Na upo mlio mmoja wa ajabu kuliko yote, kwa kuwa uliwekwa kwa makusudi. Pedi nyingi za breki zina kijibati kidogo. Pedi inapokwisha, kijibati hicho hufikia diski ya chuma na kupiga kelele nyembamba ya kuudhi. Aliyekibuni alijua kwamba binadamu hupuuza asichokiona, akampa kero badala ya waraka. Mtu akikipinda kijibati ili apate raha, amelipiza kisasi kwa mjumbe. Gari litateremka kutoka Masama kwa utulivu kamili, na njiani kuna watoto wanaotoka shule na kina mama waliobeba mikungu ya ndizi, ambao hawakushauriwa katika ununuzi wa utulivu huo.

Tofauti baina ya matendo mawili hayo ndiyo kiini cha suala. Kuiondoa sababu na kuuondoa mlio ni mambo mbalimbali, ingawa mwishowe sikio husikia kimya kilekile. Mfano wake umo katika desturi ya kupaka oili chakavu chini ya gari. Bushi ya mpira inayolia, ikipakwa oili hiyo, hunyamaza siku ileile, na mwenye gari hulipa kwa furaha. Lakini oili ya petroli huuvimbisha na kuulainisha mpira wa asili, hata ukapoteza nguvu. Kimya kilichonunuliwa leo kinaila bushi ya kesho. Wahenga waliposema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, hawakuwa na gari. Neno lao limelifikia gari vilevile.

Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba kila kinacholia ni kibovu na kila kilichonyamaza ni kizima. Bushi mpya za poliyurethani, ambazo wapenzi wa magari ya spoti huzifunga mahali pa zile za mpira, zaweza kulia zikikosa grisi ilhali afya yao ni kamili. Bushi kuukuu ya mpira yaweza kupasuka bila ya kutoa sauti. Wala kelele si fedheha. Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1953, yalijulikana kwa vumbi, tope na mawe. Hapana aliyelipima gari kwa upole wa sauti yake. Lilipimwa kwa kufika.

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa haya. Jahazi hulia likipanda wimbi, kwa kuwa mbao zake hujinyoosha na kujikunja pamoja na bahari, na nahodha hulala usingizi ndani ya kilio hicho. Kinachomwamsha ni mlio mgeni. Tena fundi anapokalafati, akaisukuma pamba baina ya mbao, kazi yake ni halali kwa sababu mbao zenyewe ni nzima. Pamba hiyohiyo ikitiwa kuficha ubao uliooza, huwa ni hiana kwa watakaopanda chombo.

Hapa ndipo inapozaliwa hoja ya kumtetea mpenda kimya, na hoja hiyo ni nzito kuliko ile ya starehe. Mlio hufunika mlio. Dereva aliyezoea dashibodi inayotetemeka na mlango unaolia hatausikia mgongo mpya wa bolijointi. Masikio yake yamekwisha kufa ganzi. Basi kuiondoa milio mitupu si anasa tena, ni sharti la kuisikia ile yenye habari. Ndiyo maana fundi mwangalifu huanza kwa subira: huzima redio, hufunga vioo, huendesha polepole katika njia mbaya, na mwenziwe aliye kiti cha pili hubonyeza kwa mkono kila pahala panaposhukiwa, mpaka mlio unyamaze chini ya kiganja. Gari likisimama, mmoja hulisukuma juu na chini penye kona ya boneti, mwingine hutega sikio kwa kipande cha mpira wa maji. Anayeiongeza sauti ya redio ili asisikie amefanya kinyume cha yote hayo, na amepata kimya kibaya kuliko vyote: kimya cha aliyekataa kuambiwa.

Jambo huwa zito zaidi gari linapouzwa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu, alisimulia mjadala wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mtu anauza nyumba ambayo yeye peke yake anazijua kasoro zake: je, ni lazima azitaje? Diogenes alishika kwamba kunyamaza si kuficha, maadamu muuzaji hakusema uongo na mnunuzi ana macho yake. Antipater alishika kwamba anayemwacha mwenziwe apotee kwa kutojua amemdhulumu. Cicero aliegemea upande wa Antipater.

Gari kuukuu linauongezea mjadala huo jambo. Utetezi wa Diogenes umesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mnunuzi amebakishiwa njia ya kujua. Aliyekipinda kijibati cha breki, au aliyeipaka bushi oili asubuhi ya siku ya mauzo, ameivunja nguzo hiyo. Hakunyamaza yeye tu; amelinyamazisha na gari, shahidi pekee ambaye mnunuzi angeweza kumhoji. Hata mwanafalsafa aliyekuwa mpole kuliko wote kwa wafanyabiashara hana la kumtetea.

Kwa hiyo haki ya kunyamazisha ipo, lakini ina sharti, nalo ni rahisi kulitaja na gumu kulitimiza: mwenye kuuondoa mlio na awe tayari kusema ulikuwa ukisema nini, na alifanya nini juu ya habari ile. Ayaseme hayo kwa abiria akiulizwa, na kwa mnunuzi hata asipoulizwa. Milio ile ambayo hakuijua asili yake, na aiache ilie. Gari la miaka thelathini linaloshuka kutoka Masama likiwa na kilio kimoja kisichojulikana, na dereva anayekisikiliza, ni salama zaidi kuliko lililo kimya na hapana ajuaye kwa nini.